Kiunganishi cha Peptidi Kipimwe kwa Kinachobaki

Asidi amino mbili zikichanganywa kwenye chupa haziungani zenyewe kuwa peptidi. Upande wa asidi hukutana na upande wa amini, ikatokea chumvi, na kazi ikaishia hapo. Lazima kitendanishi kiuamshe upande wa asidi ili amini iweze kuushika. Mwaka 1955 John Sheehan na George Hess walionyesha kwamba DCC huifanya kazi hiyo bila moto, na Merrifield alipotangaza mwaka 1963 namna ya kujenga peptidi juu ya punje za resini, aliitumia hiyo hiyo. Vitendanishi vilivyofuata vimesifiwa mno kwa kasi. Naona kipimo cha haki zaidi ni kile vinachokiacha nyuma.

DCC hunyonya maji yanayotoka kwenye muungano, ikageuka urea: unga mweupe mgumu kuyeyuka. Katika kimiminika kitupu unga huo huchujwa tu, lakini ndani ya punje za resini hunasa. Ndiyo maana wengi walihamia kwa ndugu yake, DIC, ambayo urea yake huyeyuka na kuoshwa. Baya zaidi halionekani kwa macho. Asidi iliyoamshwa kupita kiasi hujikunja, na asidi amino ya mkono wa kushoto ikawa ya kulia. Uzito haubadiliki hata chembe, kwa hiyo kupima uzito wa molekuli hakulifichui kosa hilo. Mwaka 1970 König na Geiger waliongeza HOBt, inayoipokea asidi hiyo na kuituliza kabla haijajikunja.

Mtetezi wa HATU, kitendanishi kilicholetwa na Carpino mwaka 1993, atasema kasi ndiyo ukamilifu. Ana hoja: kila kiungo kikifaulu kwa asilimia 99, mnyororo wa asidi amino 30, kama mnyororo B wa insulini, hupatikana kwa takriban asilimia 75 tu. Asidi amino zilizosongamana zikigoma, HATU huzisukuma. Lakini ikizidi kipimo huishika amini yenyewe na kuiziba ncha ya mnyororo, na hapo hakiungani kitu tena.

HOBt nayo ikikauka huweza kulipuka. Oxyma, iliyopendekezwa mwaka 2009 ishike nafasi yake, ina hatari ndogo zaidi, ingawa mwaka 2019 ilibainika kuwa ikichanganywa na DIC hutoa sianidi ya hidrojeni. Gesi hiyo ni sumu kali, na anayeipuuza anacheza na uhai. Hata hivyo, kwa peptidi ya kawaida anza na DIC na Oxyma, ndani ya kabati la kuvuta hewa chafu. HATU ingoje kiungo kigumu.