Bastola Kifuani, Kamba Nyongani

Nchini Marekani, mwindaji wa kulungu anayewinda akiwa amening'inia mtini ana kero ambayo mwenzake aliyejibanza chini haijui. Bastola iliyokaa kiunoni miaka yote bila kumsumbua sasa inamchoma ubavu, inabanwa na mkanda, na akiihitaji haitoki. Ushauri anaoupata mara nyingi ni wa dukani: nunua ala laini zaidi, ongeza sponji, tafuta bastola ndogo. Ushauri huo unatuliza maumivu na kuacha ugonjwa palepale. Raha ya kubeba bastola juu ya mti hailetwi na ulaini wa ala wala udogo wa silaha. Inategemea uzito wa mwili unapita wapi, na kama bastola imekaa ndani ya njia hiyo au nje yake. Mwenye kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua ataishia kifuani.

Tandiko la mti si kiti. Ni kitambaa kipana na imara cha nailoni kinachoshika makalio, chenye mkanda wa kiuno na mikanda miwili ya mapaja. Kila nyonga ina vitanzi viwili. Kimoja ni cha kamba ya kupandia, ile inayozunguka shina wakati mwindaji anapanda vingazi vyake, mfano wa fundi wa umeme kwenye nguzo. Kingine hushika kamba fupi inayopita mbele ya mwili kutoka nyonga moja hadi nyingine, nayo huitwa daraja. Akifika juu, aghalabu mita 5 hadi 7 kutoka ardhini, mwindaji hufunga kamba kuu kwenye shina kwenye usawa wa kichwa, huiunganisha na daraja kwa pete ya chuma yenye kufuli, kisha hujiachia nyuma taratibu. Miguu hukanyaga kijukwaa kidogo, uso hulielekea shina, na hapo hukaa saa nyingi. John Eberhart, mwindaji wa upinde wa Michigan anayejulikana sana kwa mbinu hii, amekuwa akiitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Imeenea zaidi katika miaka ya karibuni, baada ya kupatikana matandiko yenye uzito usiofika kilo moja.

Sasa tuufuate uzito. Unatoka kwenye makalio, unapanda kwenye nyonga, unaingia kwenye daraja, unaishia kwenye shina. Maana yake nyonga, mahali ambapo bastola imezoea kukaa, ndiyo njia kuu ya mzigo. Ala ya nje ya mkanda hugongana na kitanzi cha kamba ya kupandia, na kila mwindaji anapogeuka kamba hupita juu ya mpini. Ala ya ndani ya suruali hujikuta kati ya mfupa wa nyonga na mkanda unaovutwa na mwili mzima. Ikihamishiwa mbele, chini ya kitovu, hukutana na mkunjo wa mtu aliyekaa nusu, magoti yakiwa yameinuka. Mfuko wa suruali hufunikwa na mkanda wa paja. Kifundo cha mguu hakina mzigo, lakini kukifikia kunataka mtu ainame juu ya kijukwaa kisichozidi sana upana wa nyayo zake. Hapa ndipo hoja ya udogo wa bastola inapoanguka. Bastola ya nusu kilo iliyobanwa na uzito wa mtu wa kilo 80 itaumiza kuliko ya kilo moja isiyobanwa na chochote.

Kifua ndicho kisichobanwa. Daraja likivutwa hutengeneza pembe mbele ya mwili: miguu miwili ya kamba inatoka nyongani na kukutana kwenye pete, na katikati yake kuna nafasi wazi. Mabega hayabebi kitu, mbavu hazibebi kitu. Glock 20 yenye risasi 15 za milimita 10, ambayo ni kama kilo 1.1 ikiwa imejaa, ikifungwa kifuani kwa mkanda mpana wa bega na mwingine wa kuzunguka mbavu, hugawa uzito wake kwenye sehemu zilizokuwa zimepumzika. Kuna faida ya pili isiyotajwa sana. Wengi hulivaa tandiko wanapofika kwenye mti na kulivua wakishuka. Ala iliyopachikwa kwenye tandiko huondoka nalo, ilhali ya kifuani hubaki na mwenyewe anapotembea gizani au kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa, na hizo ndizo saa ambazo bastola ina uwezekano mkubwa wa kuhitajika.

Wazo lenyewe si jipya. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilikuwa na kero ya aina hiyohiyo kwa askari wa vifaru na marubani, watu waliokaa wamekunjamana katika nafasi finyu huku kiuno kikiwa kimezibwa na kiti na mikanda. Ala ya M3 iliitoa bastola ya M1911 kiunoni na kuining'iniza begani, na ala ya M7 iliyofuata ikaongeza mkanda wa kuzunguka kifua ili isiyumbe. Huko Alaska, waongozaji wa wavuvi wanaoingia mtoni na suruali za mpira zinazofika kifuani nao hubeba bastola zao juu, kwa kuwa kiuno kiko majini. Kifaru, mto na mti ni mazingira yasiyofanana hata kidogo, lakini jibu ni moja kwa sababu chanzo ni kimoja: kiuno kimepewa kazi nyingine.

Zipo pingamizi nzito. Ya kwanza ni ya mwindaji wa upinde: ugwe unapoachiwa hupita karibu sana na kifua, na ala iliyotokeza inaweza kuukamata na kuupotosha mshale. Ni kweli, na hili halitatuliwi kwa maneno. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ugwe hupita upande wa kushoto wa kifua, na huko ndiko mdomo wa bastola huelekea katika ala nyingi za mlalo. Dawa ni kuishusha ala hadi chini ya kifua, kuisogeza kulia, na kuisimamisha kiasi. Wanaobeba darubini kifuani huitundika ala chini ya mfuko wa darubini, na hapo vyote viwili hukaa chini ya mstari wa ugwe. Asiyeweza kupata nafasi hiyo kwa umbo la mwili wake, basi ala ya kifuani si yake.

Pingamizi ya pili inasema kwamba kifua husuguana na shina wakati wa kupanda. Pengine anayesema hivyo anamfikiria mkwezi wa minazi, ambaye hukumbatia mti na kwa hiyo huchomeka panga lake nyuma. Mkwezi ana haki, maana mzigo wake uko mikononi na miguuni, na mbele yake ni pa shina. Mwindaji wa tandiko hupanda akiwa ameegemea nyuma ndani ya kamba, na kati ya kifua chake na shina kuna mwanya. Mti ulioinama humwondolea mwanya huo, lakini mti wa namna hiyo haufai kupandwa kwa vingazi hata bila bastola.

Ya tatu ndiyo ninayoipa uzito zaidi. Mafunzo ya uwindaji Marekani yanafundisha kwamba silaha haipandi na mtu: hutolewa risasi, hufungwa kamba, huvutwa juu mwindaji akishajifunga. Je, bastola kifuani haivunji kanuni hiyo? Kanuni ilitungwa kwa kufikiria bunduki ndefu, inayoning'inia begani na kunaswa na matawi. Ala ngumu ya plastiki inayofunika kifyatulio chote na kuishikilia bastola hata ikipinduliwa huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Haiiondoi yote. Mtu aliyekaa na magoti juu akiichomoa ovyo, mdomo wa bastola unaweza kupita juu ya paja lake au juu ya daraja linalomshikilia. Kwa hiyo mwenye ala ya kitambaa au isiyofunga vizuri hana utetezi: aitoe risasi na kuiweka kwenye begi. Na sheria hutangulia yote haya, kwani kanuni za kubeba bastola msimu wa upinde hutofautiana jimbo kwa jimbo.

Wengine watauliza kama bastola inahitajika kabisa. Kwa anayehofia dubu swali hilo ni halali. Utafiti wa Alaska wa Tom Smith na wenzake, uliochapishwa 2008, ulichunguza matukio ya 1985 hadi 2006 na kukuta dawa ya pilipili ya kupulizia ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio. Katika utafiti wao wa 2012 kuhusu silaha za moto, bastola zilifaulu kwa asilimia 84. Matukio ya tafiti hizo mbili hayalingani moja kwa moja, lakini yanatosha kumfanya mtu apime kabla ya kujitwisha chuma. Atakayechagua kopo la dawa atakuta nalo linahitaji kukaa palepale: mahali panapofikika, nje ya njia ya kamba.

Kipimo cha mwisho hakifanyiki juu ya mti. Funga tandiko nusu mita kutoka ardhini, bastola ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili. Jiachie nyuma, geuka kulia na kushoto, vuta upinde, kaa nusu saa. Kamba ikigusa mpini hata mara moja, ala haiko mahali pake. Isogeze kabla ya kupanda.