Sikio, Sikia na Hesabu ya Udugu wa Lugha

Wanaopima udugu wa lugha kwa kuhesabu maneno hutegemea sana orodha ya maneno 100 aliyoichapisha Morris Swadesh mwaka 1955. Humo, jina la sikio na kitenzi cha kusikia ni vipengele viwili, na kila kimoja huhesabiwa peke yake. Makala haya yanadai kwamba, kwa upande wa Kiswahili, hesabu hiyo ina kasoro.

Kikuyu husema gũtũ, Kikamba kũtũ, Kiganda okutu. Majina haya ni ya mzizi mmoja, nayo yamo katika ngeli ya ku- pamoja na jina la mguu: kũgũrũ kwa Kikuyu, okugulu kwa Kiganda. Kiswahili kimewaachia vitenzi-jina ngeli hiyo. Mguu ulihamia ngeli ya m-, shina lake likabaki. Sikio halikuhama; jina la kale liliachwa, likaundwa jingine kutokana na kitenzi sikia kwa kiishio -o, kama tendo lilivyotokana na tenda na wazo na waza.

Ushahidi zaidi umo katika Kidigo, kinachosema sikira na sikiro. Uhusiano huu ni wa kawaida: njia ya Kiswahili ni njira kwa Kidigo. Sauti iliyopotea katika sikia haikutoweka kabisa. Hujitokeza katika sikiliza, kama ile ya zaa inavyojitokeza katika zaliwa. Kwa hiyo wanafunzi wasifundishwe kwamba l ya sikiliza imepachikwa ili kurahisisha matamshi. Hiyo ni mabaki ya shina la asili.

Sasa turudi kwenye hesabu. Kikuyu kina mizizi miwili, gũtũ na igua. Kiswahili kina mmoja. Mwenye kulinganisha ataandika tofauti mbili, ingawa ya pili imezaliwa na ya kwanza. Akilinganisha Kiswahili na Kidigo ataandika mifanano miwili penye mmoja. Hivyo orodha hiyohiyo huwatenga wa mbali na kuwakaribisha wa karibu kupita kiasi.

Wala orodha haionyeshi mikopo ilivyoingia. Kiarabu kimetupa adhana, mwadhini na idhini, yote ya mzizi unaotoa udhun, yaani sikio. Tumepokea wito wa sala na ruhusa, lakini kiungo chenyewe tumekiita kwa neno la Kibantu. Na maana zimekutana: kwetu pia, kusikia ni kutii. Ndiyo maana methali yasema, sikio la kufa halisikii dawa.

Hapana budi, basi, kila neno lichunguzwe mzizi na mnyambuliko wake kabla ya kutiwa katika hesabu. Maneno yaliyozaliana yahesabiwe kuwa ushahidi mmoja. Bila hivyo, asilimia tunazozichapisha zitapima uzazi wa maneno ndani ya lugha moja, nasi tutadhani tumepima udugu wa lugha mbili.