Kisu cha Yangzhou, moshi wa Kisale

Tofu ya Wensi huanza kwa mdundo. Mpishi wa Yangzhou huweka donge la tofu laini juu ya ubao, akakilowesha kisu chake kipana ili kisinate, kisha akaanza kukata kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisu kikipanda na kushuka bila haraka na bila kusita. Vipande haviinui. Huvilaza kwa ubapa wa kisu mpaka viegemeane, akavikata tena kwa kukingamisha. Kinachobaki ubaoni ni rojo jeupe, na asiyejua angedhani chakula kimeharibika. Rojo hilo likitiwa kwenye bakuli la maji na kutikiswa taratibu, linafumuka kuwa nyuzi, maelfu ya nyuzi, kila moja nzima, nyembamba kiasi cha kupita kwenye tundu la sindano. Zinaingia katika supu safi ya kuku pamoja na nyuzi za uyoga na za paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na chakula kiko tayari. Mlaji hukimaliza kwa kijiko ndani ya dakika chache.

Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa. Ni chakula cha kila siku, cha bei ya mtu wa kawaida, na hata hivyo mikahawa ya hadhi ya juu ya mkoa wa Jiangsu, mashariki mwa China, hukiandika kwenye orodha yake bila aibu, jirani na kaa na samaki wa bei kubwa. Anayelipa hapo halipii soya. Analipia mkono, na miaka ambayo mkono huo ulikata vibaya kabla ya kukata vizuri.

Meza ya namna hiyo haijatandikwa Kamina, mji wa Haut-Lomami, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wachina waliokuja Katanga walifuata shaba na kobalti. Tangu mkataba wa madini wa Sicomines wa mwaka 2008 wengi wao wako upande wa Kolwezi na Lubumbashi, na jiko la mgodini lina haraka zake. Upishi wa Jiangsu, hasa ule ambao Wachina huuita Huaiyang, ni jambo jingine kabisa. Hata hivyo mtu wa Haut-Lomami ana sababu ya kuutazama kwa makini kuliko hata mtu wa Paris. Ni upishi wa watu wa maziwa, mito na vinamasi, uliokomaa katika mji wa njia panda, mahali mizigo inapobadilisha mwelekeo. Hali hiyo Kamina inaijua.

Yangzhou ilitajirishwa na maji. Mfereji Mkuu, ambao mfalme Yang wa nasaba ya Sui alianza kuuchimba na kuuunganisha mwaka 605, ulipitisha hapo nafaka ya kusini kwenda kaskazini, na baadaye chumvi. Katika karne ya 18 wafanyabiashara wa chumvi wa mji huo walikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa China, na mfalme Qianlong alifunga safari za kusini mara 6 kati ya mwaka 1751 na 1784, akipita kwao. Matajiri wanaoshindana kukaribisha, mfalme anayekuja na msafara wake, vyakula vya kila pembe vikishushwa gatini: wapishi wangetaka nini zaidi? Li Dou, aliyeandika juu ya Yangzhou kitabu kilichotoka mwaka 1795, alimtaja humo mtawa Wensi aliyesifika kwa tofu yake.

Kamina nayo ni mtoto wa njia. Reli ya BCK kutoka Bukama hadi Ilebo ilifunguliwa mwaka 1928, tawi la Kabalo likakamilika mwaka 1956, na tangu hapo treni za Lubumbashi, za Kasai na za upande wa Tanganyika zinakutana hapo. Tofauti ni kwamba Yangzhou mizigo ilishuka ikapikwa. Kamina, kwa sehemu kubwa, mizigo ilipita.

Huko Nanjing, si mbali na Yangzhou, aliishi mshairi Yuan Mei (1716–1797), ambaye mwaka 1792 alichapisha kitabu cha upishi kinachosomwa hadi leo. Hakuwa mpishi. Alikuwa mlaji mwenye ulimi mkali, kwa maana zote mbili. Aliwacheka wenyeji wanaopika kwa ajili ya masikio, wale wanaoandaa viota vya ndege ili majina makubwa yasikike mezani, akashikilia kuwa tofu iliyopatiwa ladha yake inavishinda viota hivyo kwa mbali. Aligawa pia sifa za karamu: sehemu 6 kati ya 10 alimpa mpishi, 4 akampa aliyekwenda sokoni. Na mpishi wake Wang Xiaoyu alipofariki, Yuan Mei alikaa chini akamwandikia wasifu, heshima ambayo zama zile waliipata mawaziri na majemadari. Duniani kote, ni wapishi wangapi wa karne ya 18 ambao mabwana zao waliona inafaa kuwaandika?

Mlo wenyewe, katika mikahawa ya daraja hilo, huliwa mara nyingi katika chumba cha faragha, kwenye meza ya duara yenye kioo kinachozunguka katikati. Mkubwa wa meza huketi akitazama mlango. Vyakula baridi hutangulia: bata wa Nanjing aliyelala kwenye chumvi kisha akachemshwa, ngozi yake ikibaki nyeupe, kamba wadogo wa maji baridi waliolowekwa katika mvinyo wa mchele wa Shaoxing. Hufuata nyuzi za tofu kavu. Hapa mpishi hukipasua kipande kimoja kwa ulalo, tabaka juu ya tabaka, kabla ya kukichana nyuzi, kisha hukichemsha katika supu ya kuku. Kitu ambacho chenyewe hakina ladha ya kujivunia kinakunywa ladha ya kila kilichomo chunguni.

Halafu kinaletwa kile wanachokiita kichwa cha simba. Jina kubwa, lakini ni donge la nyama ya nguruwe, la ukubwa wa ngumi, ndani ya chungu cha udongo. Mashine ya kusagia haiguswi. Nyama ya tumbo, yenye mafuta mengi kuliko mnofu, hukatwa kwa kisu kuwa chembe ndogo zinazolingana, kisha hupondwapondwa kidogo tu. Ikisagika mno, donge linakuwa gumu. Chembe zikiwa kubwa mno, linasambaratika. Hufunikwa kwa majani ya kabichi na kuachwa juu ya moto mdogo saa mbili au zaidi, mafuta yakiyeyuka polepole na kuacha vinafasi ambavyo mchuzi unavijaza. Msimu wa kaa ukifika, nyama ya kaa huongezwa. Donge lililopikwa sawasawa halihitaji kisu wala meno. Kama ni lazima kuchagua chakula kimoja cha kuutetea upishi huu mbele ya hakimu asiyeupenda, ni hiki.

Samaki wa Suzhou anayeitwa kindi hupigwa picha zaidi. Mnofu wake huchanjwa kwa mistari inayokatana mpaka, akishakaangwa, unasimama wima wote, halafu humwagiwa mchuzi mtamu wenye ukali wa siki. Ufundi upo, hilo halina ubishi. Lakini ndani yake kuna sarakasi, na sukari inafunika kile ambacho kisu kimefanya.

Wali huja mwisho, bakuli dogo, na mgeni anaweza hata kuukataa. Hapo mtu wa Kamina atashtuka, maana kwake bukari, yaani ugali, ndiyo chakula, na vingine vyote vimekuja kuisindikiza. Atashtuka pia kukosa pilipili. Ladha ya Huaiyang ni ya upole: chumvi kwa kiasi, sukari kidogo, siki nyeusi ya Zhenjiang pembeni. Wapo Wachina wa Sichuan na Hunan wanaoiona imepooza, nao si wachache. Upole huo huo, hata hivyo, ndio ulioupa upishi huu kazi ya dola. Jioni ya tarehe 1 Oktoba 1949, karamu ya kuasisi Jamhuri ya Watu wa China katika Hoteli ya Beijing ilipikwa kwa mtindo wa Huaiyang, kwa kuwa mamia ya wageni walitoka kila upande wa nchi na ladha hiyo haikumkera yeyote. Zhou Enlai, waziri mkuu mpya, alikuwa mzaliwa wa Huai'an, mojawapo ya miji ya upishi huo. Ni vigumu kuamini kuwa jambo hilo halikuchangia. UNESCO ilikuja baadaye sana, ikaiingiza Yangzhou kwenye orodha yake ya miji ya ubunifu wa upishi mwaka 2019, na Huai'an mwaka 2021.

Ufundi huu una kidonda kimoja, nacho ni mto wenyewe, Yangtze. Vitabu vya zamani vinamsifu sana samaki mmoja wa Yangtze, shiyu, aliyepikwa kwa mvuke pamoja na magamba yake kwa sababu mafuta yake matamu yako chini ya magamba hayo. Mtoni hajaonekana kwa miongo kadhaa. Mabwawa, uchafuzi na nyavu vilimmaliza. Tarehe 1 Januari 2021 China ilianza kupiga marufuku uvuvi katika Yangtze kwa miaka 10, na samaki wanaofika mezani leo hutoka zaidi kwenye mabwawa ya kufugia. Mpishi kisu anacho. Kilichomtoroka ni kile cha kukata.

Sasa turudi Haut-Lomami. Chini ya Bukama, mto Lualaba unatawanyika katika maziwa na vinamasi, Upemba na Kisale yakiwa yenye majina makubwa zaidi. Kisale kuna wavuvi wanaoishi juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Wataalamu waliofukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa hilo, kuanzia mwaka 1957, waligundua kuwa watu wa hapo walishaishi kwa samaki zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na kwamba waliwazika wafu wao na mapambo ya shaba na vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa. Hao walikuwa watu wenye jiko. Walikuwa nalo karne nyingi kabla ya chumvi ya Yangzhou kumtajirisha yeyote wa zama za Qianlong.

Na ufundi wao haujafa. Mama anayekausha samaki kwa moshi huko maziwani anajua ni kuni gani zinatoa moshi mtamu na zipi zinaacha uchungu. Anajua kuuzuia moto usiwake, kumgeuza samaki kabla ngozi haijapasuka, kutofautisha aliyekauka nje tu na aliyekauka mpaka mfupani. Anayetwanga sombe anafanya kazi ya kitabibu juu ya ile ya upishi, maana majani ya muhogo yana sumu, na ni kinu na kuchemsha kwa muda mrefu vinavyoiondoa. Halafu kuna kikanda cha Katanga, kinachouzwa kwa vipande huko Lubumbashi: mizizi ya okidi ya porini, ikakaushwa na kutwangwa, ikachanganywa na unga wa karanga na pilipili, ikapikwa mpaka ishikamane na kukatika kwa kisu. Mpishi wa tofu angekielewa bila kuambiwa neno. Angeelewa pia hatari yake, kwa sababu mahitaji ya mizizi hiyo nchini Zambia yamewafikisha wachimbaji hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, karibu na Kitulo, mahali palipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake.

Kinachokosekana Kamina si mikono. Ni meza inayoilipa. Tangu mwaka 2015 mji huu ni makao makuu ya mkoa, na makao makuu hupokea wajumbe, mahakimu, wafadhili na maaskofu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Lakini mwenyeji hataonja nafuu yoyote ikiwa kilicho mezani ni thomson wa barafu, aliyevuliwa kwenye pwani ya Namibia, pamoja na viazi vya kukaanga, huku samaki wa Kisale akiuzwa chini sokoni kama chakula cha wasio na uwezo. Sombe haipo kwenye orodha kwa sababu inachukua saa nyingi. Kwa hesabu ya Jiangsu, hiyo ndiyo sababu ya kuiweka juu kabisa ya orodha na kuitoza bei.

Wala Kamina haihitaji tofu, nguruwe au meza inayozunguka. Kumwiga Mchina kwa sura kungekuwa kupika kwa ajili ya masikio. Cha kuchukua kwake ni hesabu: saa za kazi ziwe na thamani, msimu uheshimiwe, na ziwa lipumzishwe kabla halijachoka, kama Zambia inavyofanya kwa kufunga uvuvi wa Mweru na Luapula kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari.

Basi wenye hoteli wa Kamina waanze na zile sehemu 4 za Yuan Mei. Wamtume mnunuzi mwenye jicho hadi Bukama, achague samaki mmoja mmoja, amlipe mkaushaji bei inayolingana na siku alizokaa kwenye moshi, kisha waandike kwenye orodha ya chakula jina la ziwa na jina la mama huyo, akikubali, na mbele yake bei kamili bila kuipunguza.