Ustadi wa Kubana Mafuta Katika Vilima vya Ihembe

Gari dogo hula mafuta kwa kadiri ya injini yake, barabara linayopita na mguu wa dereva wake. Injini ilishaamuliwa kiwandani, na barabara iko mikononi mwa wakala za barabara, TANROADS na TARURA. Mguu peke yake ndio mali ya dereva, na uzito wake katika hesabu ya mafuta ni mkubwa kuliko madereva wengi wanavyodhani. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa uendeshaji wa pupa, yaani kukanyaga mafuta ghafla, kukimbia na kufunga breki kwa nguvu, hupunguza kilomita zinazopatikana kwa lita moja kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na kwa asilimia 10 hadi 40 katika mwendo wa kusimama na kuondoka. Katika kata ya Ihembe, wilayani Karagwe, mkoani Kagera, msongamano wa magari haupo. Kuna vilima, mabonde, changarawe, na matope wakati wa mvua. Humo ndimo ustadi wa kubana mafuta unamopata uwanja wa kujipima.

Sababu ya kuujali ni ya wazi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na katika orodha hiyo Kagera hulipa zaidi ya Dar es Salaam, kwa kuwa petroli inayoshushwa bandarini husafirishwa kwa lori zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kufika Karagwe. Agosti 2022, bei ya petroli jijini Dar es Salaam ilipofika shilingi 3,410 kwa lita, ya Kagera ilikuwa juu zaidi. Kijijini, mbali na kituo cha mafuta, petroli ya chupa huuzwa ghali kuliko hapo. Mkoa huu pia una kumbukumbu ya uhaba wenyewe, mbali na bei. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilipokaukiwa fedha za kigeni, magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana ili mafuta machache yaliyokuwepo yatoshe.

Magari yanayozungumziwa hapa ni yale yanayoonekana kila siku kati ya miji midogo ya Kayanga na Omurushaka na vijijini: Toyota Probox, IST, Vitz na Passo, yaliyotumika Japani kabla ya kufika Tanzania. Injini zake ni za lita 1.0 hadi 1.5, zenye mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta, na mengi ni ya gia za kujibadilisha zenyewe. Jambo hili la mfumo wa mafuta lina maana kubwa, kwa sababu mazoea mengi ya kubana mafuta yaliyorithiwa barabarani yalizaliwa zama za kabureta, na baadhi yake hayafai tena.

Msingi wa ustadi huu ni hesabu fupi. Gari dogo lenye abiria wanne lina uzito wa kama kilo 1,300. Kuliinua mita 300 kunadai nishati ambayo, kwa injini inayogeuza robo tu ya nguvu ya petroli kuwa mwendo, ni karibu nusu lita. Hapo bado hayajahesabiwa mafuta ya kusukuma upepo wala ya kushinda ukinzani wa tairi. Safari ya kutoka daraja la Kyaka, kwenye Mto Kagera, hadi nyanda za Karagwe zenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, hulipa deni hilo na kupita. Gari hilohilo likienda kilomita 80 kwa saa limebeba mwendo uliogharimu kama mililita 40 za petroli, sawa na vijiko vya chai vinane. Dereva akifunga breki hadi kusimama, vijiko vyote vinane vinageuka joto kwenye pedi za breki na kupotelea hewani. Kwa mwendo wa 50, hasara ni kama vijiko vitatu. Tofauti hii kubwa inatokana na kwamba nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, hivyo kushuka kutoka 80 hadi 50 kwa breki kunapoteza mafuta mengi kuliko kushuka kutoka 50 hadi kusimama kabisa.

Breki, basi, ndiyo daftari la matumizi ya dereva. Kila inapokanyagwa, inarekodi mafuta yaliyochomwa kabla ya kuhitajika. Dereva stadi hajulikani kwa kwenda polepole. Wako madereva wa polepole wanaokanyaga mafuta na breki kwa zamu kila baada ya mita 50 na kumaliza tanki mapema kuliko mwenzao aliyekwenda kwa kasi ya wastani. Stadi hujulikana kwa kuona mbali. Tuta linapoonekana mita 200 mbele, mguu unaondoka kwenye pedeli ya mafuta wakati huohuo, na gari linafika kwenye tuta likiwa tayari limepungua. Ng'ombe wanaovuka, bodaboda inayotoka kwenye njia ya migombani, mwanafunzi aliyesimama ukingoni: vyote hivi huonekana mapema na anayetazama mbali, na kwa kuwa kuchelewa kuviona huua watu barabarani, kubana mafuta na kulinda uhai hapa ni kazi moja.

Mteremko ndio mahali pa kumtambua fundi. Mazoea ya zamani yanasema: weka fri, yaani gia huru, acha gari lijishukie. Kwa gari la kabureta maneno hayo yalikuwa na mantiki ya kiuchumi, kwa kuwa kabureta iliendelea kutiririsha mafuta injini ilipokuwa inazunguka. Kwa Probox au IST hali ni nyingine. Gari likiwa ndani ya gia, mguu ukiwa umetoka kabisa kwenye pedeli, na injini ikizunguka juu ya mizunguko kama 1,500 kwa dakika, kompyuta ya injini hufunga mafuta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na petroli inayoingia ni sifuri. Gari lililowekwa fri, kwa upande wake, linahitaji injini iendelee kuunguruma kwa sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, na injini ya ukubwa huu hula hivyo kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Kwenye mteremko hafifu na mrefu fri inaweza kulifikisha gari mbali kidogo zaidi, kwa kuwa injini hailivuti nyuma. Kwenye mteremko mkali, dereva wa fri analazimika kushikilia breki, na breki zikichemka hazishiki. Anayezima injini kabisa ndiye anayejiweka pabaya zaidi: msaada wa usukani unakufa, nguvu ya kusaidia breki inaisha baada ya kukanyaga mara chache, na ufunguo ukichomolewa usukani unaweza kujifunga. Hakuna kijiko cha petroli chenye thamani hiyo.

Inafaa kuutazama mshuko mmoja kwa karibu. Barabara nyingi za huku huanzia kwenye mgongo wa kilima, hukata kati ya migomba na mibuni, hushuka hadi bonde lenye mafunjo na kalavati nyembamba, kisha huupanda mgongo wa pili. Kabla ya kilele, mita chache tu, stadi anaanza kulegeza mguu. Kilele kinavukwa kwa mwendo mdogo, kwa sababu mteremko utaongeza mwendo bila malipo. Gari linapoanza kujivuta, anabonyeza kitufe cha O/D (overdrive) kilicho kwenye mkono wa gia, gia inashuka hadi ya tatu, na mngurumo unapanda. Abiria asiyejua hudhani mafuta yanateketea, ilhali ni wakati huo hasa ambapo injini hailambi hata tone. Macho yako kwenye kalavati. Kama iko salama na hakuna anayekuja, gia inarudishwa juu theluthi ya mwisho ya mteremko, gari linaachwa lichukue mwendo linaoweza kuubeba kwa usalama, na mwendo huo unakwenda kulipia mwanzo wa kilima cha pili. Kama kalavati imeliwa na maji, mwendo unazuiwa kwa gia tangu juu, breki ikibaki kwa haja ya mwisho. Uamuzi wote huu hufanyika ndani ya sekunde chache, na uzuri wake ni kwamba abiria hasikii chochote: hatupwi mbele, hasukumwi nyuma.

Kupanda nako kuna adabu yake. Injini ya petroli hufanya kazi kwa faida zaidi inapobebeshwa mzigo wa kutosha kwa mizunguko ya wastani, kuliko inapopiga kelele kwa gia ya chini bila haja. Kwa hiyo kupanda kwa mguu wa woga hadi gari likate pumzi katikati ya kilima ni hasara, na kukandamiza pedeli hadi sakafuni ni hasara pia, kwa sababu gia ya kujibadilisha hushuka ghafla na injini hurutubishwa mafuta ya ziada. Kati ya hayo mawili ipo sehemu ambamo mguu umekandamiza kwa uthabiti, gia haijaruka, na mwendo unapungua kidogo kidogo kadiri mwinuko unavyoongezeka. Stadi anauruhusu upungue. Kung'ang'ania mwendo uleule wa tambarare ndiko kunakokausha tanki. Kwa gari la gia za mkono, dalili ya kuvuka mpaka ni injini kutetemeka na kugonga, na hapo gia ishushwe bila kusita. Ikumbukwe pia kuwa injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko kutoka usawa wa bahari. Gari lililokuwa jepesi Bagamoyo litaonekana zito Karagwe bila kuwa na ubovu wowote.

Lami hubadilisha hesabu. Kati ya Kyaka na Bugene wilayani Karagwe, kilomita zipatazo 59, adui mkubwa ni upepo. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi: kutoka 80 hadi 100 kwa saa unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na dakika zinazookolewa kwa umbali huo hazifiki kumi. Hapo pia kitufe cha O/D kinastahili kutazamwa tena. Taa ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi safari nzima ya lami, gari linanyimwa gia yake ya nne, na wako madereva waliokibonyeza kilimani wakakisahau hadi Kyaka.

Mambo mengine ni mepesi kueleza. Gari linalosubiri abiria lizimwe. Kuliwasha upya kunagharimu mafuta ya sekunde kama kumi tu za sailensa. Kiyoyozi, ambacho pwani ni mzigo mkubwa, Karagwe hakihitajiki sana, kwa kuwa hewa ya nyanda za juu ni baridi. Tairi zikaguliwe asubuhi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, maana tairi iliyolegea huvuta mafuta na huchanika haraka kwenye mawe. Mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa ya maganda, vikipata nafasi, vikae ndani ya gari kuliko juu ya keria: mzigo mpana wa juu ya paa unaweza kupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye mwendo wa barabara kuu, wakati kilo 45 za ziada ndani ya gari hupunguza kama asilimia moja. Oili nzito kuliko iliyoagizwa na kiwanda huongeza ulaji kwa asilimia moja au mbili. Kuhusu filta ya hewa, utafiti wa maabara ya Oak Ridge nchini Marekani, mwaka 2009, ulionyesha kuwa uchafu wake katika magari ya mfumo wa kielektroniki hupunguza nguvu ya gari zaidi kuliko unavyoongeza ulaji wa mafuta. Bado vumbi la kiangazi la Karagwe linatosha kuwa sababu ya kuisafisha mara kwa mara, kwa ajili ya uhai wa injini.

Ustadi huu una historia ya kuheshimika. Mwaka 1939, wanasayansi wa kampuni ya Shell huko Wood River, Illinois, waliwekeana dau nani angekwenda mbali zaidi kwa galoni moja, na mshindi alipata kilomita kama 21 kwa lita, kwa gari la zama zile. Kutokana na dau hilo yalikuja kuzaliwa mashindano ya Shell Eco-marathon. Kilichowawezesha wanasayansi wale kubishana kwa haki ni kwamba walipima, na kupima ndiko kunakokosekana kwa madereva wengi wa huku. Anayenunua mafuta ya elfu kumi leo na ya elfu tano kesho, taa ya akiba ikiwaka kila siku, hana njia ya kujua kama mazoea yake mapya yamemsaidia. Isitoshe, anaichosha pampu ya mafuta, ambayo hupozwa na petroli iliyomo ndani ya tanki.

Njia ya kupima ni rahisi. Tanki lijazwe hadi pampu ya kituo ikate yenyewe, na namba za safari kwenye dashibodi zirudishwe sifuri. Gari litumike kama kawaida, kisha lijazwe tena, ikiwezekana kwenye kituo kilekile, hadi pampu ikate. Kilomita zigawanywe kwa lita zilizoingia. Mjazo mmoja hautoshi, kwa sababu mvua, mzigo na njia hubadilika; mitatu au minne inatoa picha ya kuaminika. Dereva wa Ihembe anayetaka kuanza na aanzie hapo, kabla ya kubadili chochote, ili jibu la mwanzo, likilinganishwa na ya baadaye, limwonyeshe breki na mguu wake vilikuwa vikimgharimu shilingi ngapi kila mwezi.