Super 8 Yenye Sauti: Kalamu Iliyokosa Wino

Mara nyingi tunapohakiki filamu tunapima kisa, wahusika na lugha, tukausahau mkanda wenyewe. Makala haya yanakusudia kuuchunguza mkanda mmoja, Super 8 yenye sauti, na kuuliza kama ulifaa kuwa kalamu ya mtu wa kawaida.

Kampuni ya Kodak ilitoa Super 8 mwaka 1965. Upana wake ni milimita 8, nao ulifungwa ndani ya kasha la plastiki lililotiwa katika kamera bila mtu kuugusa mkanda. Kasha moja lilikuwa na futi 50, yaani mita 15, zilizotosha dakika tatu hivi. Mwaka 1973 uliongezwa mstari mwembamba wa sumaku ukingoni, na sauti ikanaswa papo hapo pamoja na picha.

Nchini Msumbiji uhuru ulipatikana mwaka 1975, na taifa jipya lilikuwa na kiu ya kujiona. Taasisi ya Taifa ya Sinema ilitoa filamu za habari zilizoitwa Kuxa Kanema kwa mkanda mpana wa milimita 35. Mwaka 1978 mwanasinema Mfaransa, Jean Rouch, aliendesha warsha ya Super 8 katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, mjini Maputo. Wanafunzi walipiga filamu, wakaisafisha na kuiunganisha wenyewe, kisha wakawaonyesha wale wale waliopigwa. Mbegu hiyo ilichipua Paris mwaka 1981, ilipoanzishwa Ateliers Varan.

Hapa ndipo ulipo ubora wa mkanda huu. Jina la Kuxa Kanema liliundwa kwa maneno ya lugha za Kiafrika, lakini maelezo yake yalisomwa kwa Kireno. Kwa mzee wa huku Namoto, mwenye kusema Kiswahili, Kimwani au Kimakonde, maelezo hayo yangehitaji mkalimani. Mkanda mdogo wenye sauti ulimwezesha mtu kama huyo kunena mbele ya kamera kwa lugha yake, na watu wake wakamwelewa.

Hata hivyo, chema hakikosi ila. Mikanda mingi ya Super 8 haikuwa na negativi. Mkanda ule ule uliopita katika kamera ndio uliopita katika projekta, na kila ulipoonyeshwa ulizidi kukwaruzika. Wepesi wake ndio uliokuwa kilema chake. Kuxa Kanema, pamoja na uzito wake wote, iliacha urithi: moto uliteketeza jengo la Taasisi mwaka 1991, lakini mikanda iliyosalia ilimwezesha Margarida Cardoso kutengeneza filamu juu ya historia hiyo mwaka 2003.

Kaseti ya video ilipoenea katika miaka ya 1980, Super 8 ilishindwa. Kaseti ilinasa saa nzima na zaidi, haikuhitaji kusafishwa, na iliweza kufutwa na kutumiwa tena. Mwaka 1997 Kodak iliacha kutengeneza Super 8 yenye sauti. Ile isiyo na sauti ingali inauzwa, lakini kamera zilizokuwa zikinasa maneno zimebaki bubu.

Hukumu yetu basi ni hii: Super 8 yenye sauti ilikuwa kalamu njema, ila wino wake ulitoka katika duka la mwingine, na duka lilipofungwa maandishi yalikoma. Jambo hili latuhusu sisi walimu. Tangu mwaka 2017 vita vimewatawanya watu wengi wa Cabo Delgado, na masimulizi ya wazee yametawanyika pamoja nao. Twayanasa kwa simu, tukidhani tumeyahifadhi, ilhali simu nayo ni chombo cha kupita. Yafaa kila sauti tunayoinasa iandikwe neno kwa neno, na nakala zake ziwekwe mahali zaidi ya pamoja. Wahenga walikwisha tuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.