Uimara wa Karatasi: Msonobari wa Sao Hill na Mkonge wa Upare

Mfuko wa karatasi uwezao kuchukua kilo 50 za saruji bila ya kupasuka hutegemea mambo mawili: nguvu ya kila uzi, ambayo mti wenyewe uliijenga ungali hai na ambayo kiwanda sharti kiihifadhi, na mshikamano wa uzi na mwenziwe, ambao kiwanda sharti kiujenge.

Njia ya kutenga nyuzi iliyosimikwa katika kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, Tanzania, katika miaka ya 1980, kwa ajili ya misonobari ya shamba la miti la Sao Hill, ni ile aliyoibuni Mjerumani Carl Dahl mwaka 1879. Katika msonobari, selulosi, ambayo ndiyo kiini cha nyuzi, imegandishwa kwa lignini, ambayo ni kama robo ya uzito wa ubao mkavu. Vibanzi hupikwa katika mtungi wa chuma wenye mgandamizo, kwa soda kali na salfidi ya sodiamu, katika joto la digrii 170 hivi. Na salfidi hiyo ina fadhila kubwa, kwa kuwa huharakisha kuyeyuka kwa lignini, mapishi yakakoma kabla selulosi haijaharibika. Kisha rojo la nyuzi huoshwa na kusagwa majini, nyuzi zikachanua vinyweleo ambavyo, maji yakaukapo, hushikana kwa viungo vya hidrojeni. Usagaji ukizidi, nyuzi hukatika, na karatasi huraruka upesi.

Aghalabu nusu tu ya ubao huwa rojo. Nusu ya pili huyeyuka katika maji meusi, ambayo hufanywa mazito na kuchomwa tanurini, yakatoa mvuke wa kuendeshea mitambo. Na masalio yake, yakitiwa chokaa, hurejea kuwa dawa ya kupikia. Pasipo tanuri hilo, uimara wote huo ungelipwa na mito.

Sasa tuutazame mkonge, ulioletwa nchini na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, na ambao hadi leo hustahimili ukame wa tambarare za Same, chini ya milima ya Upare. Katani, yaani nyuzi za mkonge, ina lignini chini ya nusu ya ile ya msonobari, na chembe zake zina urefu wa milimita 3 hivi, ilhali za mkaratusi hukaribia milimita 1; kwa hiyo huiva kwa urahisi na hutoa karatasi isiyoraruka ovyo. Fauka ya hayo, korona, yaani mashine ya kuchambulia majani ya mkonge, hutoa katani ya takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na nyuzi fupi zisizofaa kamba hutupwa pamoja na makapi.

Nyuzi hizo fupi zina kazi adhimu. Karatasi kuukuu irejelezwapo, nyuzi zake huwa zimekakamaa kwa kukaushwa mara kwa mara, hazivimbi wala hazishikani kama awali. Ikichanganywa na rojo la mkonge hurudishiwa uimara, na miti ikapungua kukatwa. Lakini mwenye kutaka kupika mkonge karibu na mto Pangani na aanze kwa tanuri la maji meusi, kabla ya kununua mtungi wa kupikia.