Sifa za Sura ya Tatu

Pendekezo la utafiti la mwanafunzi mimi huanza kulisoma katikati. Sura ya Kwanza imejaa ahadi, ya Pili imejaa majina ya waliotangulia, na zote mbili mtu anaweza kuziandika bila kushuka kitandani. Ya Tatu, ile ya mbinu, haina pa kujificha. Hapo ndipo mwandishi atakapotakiwa aseme atakwenda kwa nani, saa ngapi, na swali gani mdomoni, na akijibiwa "sijui" atafanyaje. Vyuoni wengi huiona kuwa fomu ya kujaza tu, na wako wanaoinakili kutoka pendekezo la mwaka jana wakabadilisha jina la mji. Nami nashikilia kwamba katika kazi nzima ya utafiti hakuna ufundi unaostahili sifa kuliko huu: kupanga, kabla hujafika, namna utakavyomsikiliza mtu usiyemjua.

Tuchukue mahali. Mwembe Tayari, kisiwani Mombasa, panampima mpangaji yeyote. Kuna soko, kuna ofisi za mabasi ya Nairobi na bara, kuna tuktuk zinazopenya pasipo na nafasi, kuna wapiga debe wanaokukatia tikiti ya safari ambayo hukuiwaza, na katikati ya yote inapita mikokoteni. Tuseme mwanafunzi kutoka Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, anataka kujua maisha ya hamali wa mikokoteni hiyo: wanapata nini, mkokoteni ni wa nani, wakiumia wanatibiwa na nani. Ni maswali mazuri, na majibu yake hayamo katika kitabu chochote cha maktaba. Lazima ashuke akayatafute kwa wenyewe.

Rasimu ya kwanza karibu kila mara husema hivi: mtafiti atatumia hojaji, na sampuli itakuwa watu 384. Namba hiyo imekuwa mwenyeji wa vyuo vyetu. Chimbuko lake ni hesabu halali kabisa: 1.96 kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, ugawe kwa 0.05 kipeo cha pili. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 nalo linakufikisha papo hapo idadi ya watu inapofika milioni moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, basi mwanafunzi anaingia jedwalini na kutoka na 384 yake mkononi kama aliyetumwa sukari dukani. Haulizi hao milioni na ushei wanahusiana vipi na watu wa mikokoteni.

Hesabu ile ina sharti. Kila mtu katika kundi linalotafitiwa awe na nafasi ya kuchaguliwa sawa na mwenzake, na ili uchague hivyo sharti uwe na orodha. Hamali wa Mwembe Tayari hawana orodha. Yuko aliyepo leo na kesho yuko Kongowea. Yuko aliyepanda basi kwenda kwao kulima mvua zilipoanza. Yuko aliyeazimwa mkokoteni na nduguye kwa asubuhi moja tu. Ukiandika kwamba utawachagua kwa bahati nasibu na orodha huna, utakaowahoji hasa ni wale waliokaa kivulini.

Mpangaji hodari hutafuta njia nyingine ya kuhesabu. Watu hupotea ndani ya umati, mkokoteni haupotei. Basi anachagua pembe mbili za soko, anaigawa siku vipande: alfajiri malori yanaposhusha, mchana jua likiwa kali, jioni mabasi ya usiku yanapopakia. Kila kipande anahesabu mikokoteni inayopita. Akishajua wingi wake ndipo anapoamua kwamba atamhoji hamali wa mkokoteni wa tano, kisha wa kumi, na kuendelea. Tena hamsimamishi njiani. Mtu mwenye magunia ya viazi mgongoni mwa mkokoteni, kwenye mteremko, si wa kuulizwa umri wake. Anamfuata mpaka atue mzigo, avute pumzi. Na kama mpangaji ni hodari kweli atagutuka usiku: anayehesabu mikokoteni inayopita atawapata wenye kazi, na wale walioketi kutwa bila mzigo hawatamo kabisa. Kwa hiyo atahesabu na iliyoegeshwa. Mistari miwili ya namna hiyo katika Sura ya Tatu hunifurahisha kuliko kurasa kumi za nadharia.

Halafu maswali. "Mapato yako kwa mwezi ni kiasi gani?" na chini yake vijisanduku: chini ya 10,000, kati ya 10,001 na 20,000, na kadhalika. Swali hili lilitungwa na mtu anayepokea mshahara. Hamali hana mwezi. Analipwa kwa mzigo, na kama mkokoteni si wake analipa kodi yake kwa siku, apate asipate. Ukimlazimisha atakutajia namba, kwa kuwa ni muungwana na hapendi ukae na kisanduku kitupu. Namba hiyo utaiingiza kwenye kompyuta, utaitafutia wastani, na mbele ya jopo utaitetea kwa sauti kubwa. Lakini muulize hivi: "Mzigo wa mwisho uliobeba ulitoka wapi, ukaupeleka wapi, ukalipwa ngapi?" Hapo hapapigi chenga mtu. Ataukumbuka, na pengine atakuonyesha kwa kidevu duka lenyewe. Kisha uliza wa kabla yake. Kisha uliza mkokoteni wa leo ameulipia ngapi. Hesabu ya mwezi utaifanya wewe nyumbani. Hiyo ndiyo kazi uliyokwenda chuo kusomea.

Vivyo hivyo ile ngazi ya majibu matano, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", tuliyorithi kwa Rensis Likert tangu 1932. Darasani inafaa sana. Isome kwa sauti sokoni, sentensi kumi na tano mfululizo, uone. Kufikia ya nne mtu atakuwa amekwisha kujua kwamba neno "nakubali" ndilo linalokufanya uondoke upesi, na kuanzia hapo atakubali kila kitu.

Kuna na suala la lugha, ambalo katika mapendekezo mengi hupewa nusu sentensi: "hojaji itatafsiriwa inapobidi." Hojaji imeandikwa Kiingereza, mwanafunzi anaitafsiri papo kwa papo, asubuhi hivi, jioni vile, na hamali wa tatu anaulizwa swali ambalo wa kwanza hakuulizwa. Wenye kuijua kazi hii huandika Kiswahili chake mapema, humpa mtu mwingine airudishe Kiingereza bila kuona ile ya awali, kisha hulinganisha. Inachosha. Ndiyo maana nusu sentensi inapendwa.

Mombasa ina mifano yake ya kujivunia, na mwanafunzi wa mji huu hana haja ya kuvuka bahari kujifunza kuuliza. Katika miaka ya 1970 Margaret Strobel, mwanahistoria Mmarekani, alifanya utafiti wake miongoni mwa wanawake Waislamu wa Mombasa. Kitabu chake kilitoka 1979. Baadaye yeye na Sarah Mirza walitoa simulizi za maisha ya wanawake watatu: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Toleo la Kiingereza lilitoka 1989, na mwaka 1991 likafuata la Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, kwa lugha ile ile waliyosemea wenyewe.

Ninachokipenda hapo ni uchaguzi. Watatu tu! Msimamizi wa siku hizi angeuliza wale wengine 381 wako wapi. Lakini kati yao yumo wa nyumba zilizokuwa na watumwa na yumo wa ukoo wa watumwa, na wote wanaishi mji mmoja, wanajua arusi zile zile, wanasimulia mambo yale yale kutoka pande zisizotazamana. Kwa swali kuhusu ungwana na utumwa katika mji, hao watatu wana uzito ambao mamia ya vijisanduku hayangeufikia. Na njia iliyopitiwa haikuwa ya kugonga mlango mkubwa. Habari nyingi zilifikiwa kwa mazungumzo ya ngoma, lelemama hasa, vyama vyake na mashindano yake. Sidhani kama bibi wa Mji wa Kale angeulizwa ana kwa ana, "Je, mlishiriki katika siasa?" angejibu zaidi ya "Siasa ni ya wanaume, mwanangu." Aulizwe nani alikuwa akishindana na nani katika lelemama, na nani aliingia chama kipi, na siasa yote ya mji inaingia sebuleni yenyewe, pamoja na chai.

Nyuma zaidi yuko Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Mshairi Muyaka bin Haji alifariki karibu na 1840, na nyingi za tungo zake zilibaki vifuani mwa watu. Mwishoni mwa karne ile Sikujua alizikusanya kwa wazee wa Mombasa, akishirikiana na mmisionari William Taylor, aliyeandika na kutia maelezo. Taylor alikuwa msomi mkubwa wa Kiswahili, hilo halina ubishi, lakini mlango wa kubisha hodi aliujua Sikujua. Katika mapendekezo ya leo mtu wa namna yake anaitwa msaidizi wa utafiti, na sehemu yake kwenye karatasi huwa ni posho tu katika bajeti. Ningependa aandikwe katika mbinu: ni nani, anajulikana vipi mtaani, kina nani watafunguka kwa sababu yake, na kina nani watanyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Hamali akikuletea hamali mwenzake, naye akakuletea wa kwao, mwisho wa wiki umehoji kijiji kimoja kilichohamia Mombasa, ukadhani umehoji soko.

Pale pale Mwembe Tayari, kando ya barabara ya Jomo Kenyatta, upo mnara wa kumbukumbu wa Waafrika waliopigana na kuchukua mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wachukuzi walikuwa wengi kuliko askari, wakafa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na majina yao hayakuandikwa pale. Tunayoyajua kuhusu kilichowapata baadhi yao yametufikia kwa kuwa Geoffrey Hodges, aliyetoa kitabu chake juu ya jeshi hilo la wachukuzi mwaka 1986, hakutosheka na majalada ya serikali. Aliwafuata wazee waliokuwa bado hai, nusu karne hivi baada ya vita, akawauliza. Leo hakuna mpango wa utafiti, hata uwe mzuri vipi, unaoweza kumhoji mmoja wao. Kila nikipita pale na kuona mkokoteni wa vitunguu ukikata kona chini ya mnara, huwa nawaza kwamba ratiba, lile jedwali la miezi linalobanwa mwishoni mwa pendekezo, inastahili heshima zaidi ya inayopewa.

Kuhusu vibali sitasema mengi. Mwanafunzi wa uzamili atahitaji kibali cha NACOSTI, tume iliyoundwa kwa sheria ya 2013, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka ayatunze majina ya watu kama amana. Ila fomu ya ridhaa ina mtego wake sokoni. Mtu ambaye mara ya mwisho kuwekewa karatasi atie sahihi aliwekewa na askari wa kaunti hatakutilia sahihi, na ukimshurutisha atakutoroka. Kamati za maadili huruhusu ridhaa ya mdomo ukitoa sababu. Basi itoe sababu, na uandike maneno utakayomwambia, yote, kuanzia "shikamoo mzee wangu" mpaka "unaweza kukataa na hakuna neno". Andika pia kwamba hutamuuliza habari za tajiri wake tajiri akiwa amesimama hapo.

Binti mmoja niliyesoma pendekezo lake alikwenda kuijaribu hojaji Kongowea, ng'ambo ya daraja, ili wale wa Mwembe Tayari asiwachoshe kabla ya siku yao. Swali moja lilisema: "Ukiumia kazini, nani hukutibu?" Wote walimjibu "Mungu", naye akataka kulifuta. Akashauriwa aligeuze. Likawa: "Mara ya mwisho ulipoumia ulikwenda wapi, na pesa zilitoka kwa nani?" Majibu yakaanza kuja: duka la dawa, shemeji, wenzangu walichanga. Mzee mmoja aliposikia neno kuchanga akaongeza kwamba michango hiyo ina mtunzaji, na mtunzaji ana daftari lenye majina.

Alirudi mbio kuuliza kama na Mwembe Tayari kuna daftari la namna hiyo. Lipo. Orodha ambayo sote tulikuwa tumesema haipo ilikuwa imekunjwa katika mfuko wa shati la mtu. Hakuinakili. Majina yale yalitolewa kwa ajili ya matibabu na mazishi, na asiyechanga hayumo. Alichofanya ni kuongeza mahojiano na mtunzaji, kwa ridhaa yake, kuhusu nani huchanga na nani hushindwa, akauacha mpango wake wa kuhesabu mikokoteni kama ulivyokuwa, na kwenye bajeti akatia chai ya watu wawili.